Huku wanyama wana daraja lao, na theluji ndiyo karani

Kuna watu duniani hapa wakisikia theluji imeanguka usiku kucha wanafurahi, na wala si watoto. Ni watu wazima na mvi zao. Jumamosi asubuhi, saa ambayo mwenye akili timamu amejivutia blanketi mpaka masikioni, wao wanapanda mlimani na rula mfukoni kwenda kutazama nani alipita hapo usiku. Nimewaona, nimetembea nao, na pua yangu bado haijanisamehe.

Mahali penyewe panaitwa Snoqualmie Pass, katika jimbo la Washington, kule kaskazini-magharibi kabisa ya Marekani. Msomaji, usichanganye na ile Washington ya Ikulu yao, hiyo iko upande wa pili wa nchi. Ukitoka jiji la bandari la Seattle ukaelekea mashariki kwa kilometa kama 85, unaikuta milima ya Cascade imesimama mbele yako kama ukuta. Katikati ya ukuta huo kuna pengo, na hapo ndipo inapopenya barabara kuu iitwayo I-90. Kilele cha njia hiyo kiko mita 919 tu kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Lushoto atacheka, atasema huo nao ni mlima? Asicheke haraka. Kwa mwaka wa kawaida hapo huanguka theluji ya zaidi ya mita kumi. Kumi, nasema! Nyumba ya ghorofa tatu inafunikwa, kama yote ingekaa bila kushindiliwa na kuyeyuka.

Na barabara hiyo si ya mchezo. Inaanzia Seattle, inakwenda mpaka Boston upande wa Atlantiki, zaidi ya kilometa 4,800. Pale kileleni hupita magari zaidi ya 25,000 kwa siku: malori ya makontena, mabasi, watu wa mjini wanaokwenda kuteleza kwenye theluji na mbao zao juu ya gari. Magreda ya theluji yanapita mchana na usiku kuisafisha, na theluji wanayoisukuma pembeni inajenga kuta ndefu kupita kimo cha mtu.

Sasa hapa ndipo penye kesi. Milima ya Cascade imelala kaskazini kwenda kusini, kuanzia Kanada mpaka California. Barabara imeikata kiunoni, mashariki kwenda magharibi. Mnyama aliyezaliwa upande wa kaskazini akitaka mchumba, malisho au eneo lake mwenyewe upande wa kusini, lazima avuke. Wewe jaribu kuvuka Barabara ya Mandela kwa miguu saa kumi na moja jioni, halafu ujifikirie huna hata akili ya kusoma taa, na gari huijui ni kitu gani. Ndiyo hali yao.

Wengine wanagongwa. Wengine, na hili ndilo sikulijua mimi, hawagongwi wala hawavuki. Wanafika, wanatazama, wanageuka. Mwaka 2010 wataalamu walichapisha utafiti wa vinasaba vya mbuzi wa milimani wa eneo hilo, wale weupe wenye manyoya marefu. Waliona kwamba barabara ya I-90 ni kizuizi kikubwa cha damu yao kuchanganyika. Yaani ukoo wa kaskazini na ukoo wa kusini wameanza kuwa wageni kwa wenyewe kwa wenyewe, kisa lami. Mnyama aliyegongwa unamwona barabarani, unasikitika. Aliyegeuka humwoni. Hana mzoga, hana takwimu polisi, hana wa kumlilia.

Basi utamjuaje aliyegeuka? Hapo ndipo inapoingia theluji.

Mimi nimefikia kwa binamu yangu mji wa Kent, kusini ya Seattle, ambako ukiingia dukani hukosi kusikia Kiswahili, Kisomali na Kiamhari. Binamu anafanya kazi ya kutunza wazee, na mwenzake mmoja wa kazini ni miongoni mwa hawa watu wa nyayo. Siku moja mwenzake huyo akauliza kama huyu mgeni kutoka Tanzania angependa kuja kuona. Binamu akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mdogo wangu, umetoka nchi ya simba na tembo, umepanda ndege siku nzima, halafu uende kwenye baridi kutafuta alama ya sungura?"

"Dada, naomba tu koti lako lile kubwa."

"Koti chukua. Akili sina ya kukuazima."

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa watano ndani ya gari: kiongozi wetu, mama wa makamo aliyestaafu ualimu, mume na mke vijana wanaofanya kazi za kompyuta, mwenzake binamu, na mimi. Hakuna anayelipwa hata senti. Eneo hilo kwa miaka mingi shirika la Conservation Northwest limekuwa likiwafundisha wananchi wa kawaida kusoma nyayo na kuwapeleka kando ya I-90 wakati wa kipupwe kukusanya habari, sambamba na kamera za kujipiga zenyewe wanazofunga msituni. Makarani, makanika, wanafunzi, wote wamo.

Tulipofika juu, kiongozi akagawa viatu vya theluji. Kama hujawahi kuviona, chukua nyungo mbili ndogo, zifunge chini ya mabuti yako kwa mikanda. Kazi yake ni kutawanya uzito ili usizame. Ukivivua, unatumbukia mpaka kiunoni. Hatua ishirini za kwanza nilikuwa najikanyaga mwenyewe, baadaye ukapatikana mwendo wa bata, safari ikaenda.

Kazi yenyewe ina masharti, tena yamenyooka. Kwanza, hawaendi popote wanapotaka. Kuna mistari iliyopangwa tangu awali, inayofuata barabara kwa umbali fulani upande huu na upande ule, na wanaipita ile ile kila kipupwe ili mwaka huu ulinganishwe na mwaka jana. Pili, hawaendi siku yoyote. Theluji ikiwa inaanguka sasa hivi, inafuta. Ikikaa siku nyingi bila mpya, nyayo za juzi na za wiki iliyopita zinapandana kama sahihi kwenye daftari la wageni. Wanataka theluji mpya iliyokwisha tulia, siku moja mpaka tatu hivi, ili kila alama iwe na umri unaojulikana. Tatu, wanaandika walichokiona, si walichokitamani.

Hatukumaliza hata nusu saa tukakuta ya kwanza. Vishimo vinne vinne, viwili vidogo nyuma, viwili vikubwa mbele, vinaruka kutoka mti mpaka mti.

"Nani huyu?" mwalimu mstaafu akaniuliza. Nikamjibu mrukaji. Akacheka, akasema hata hilo ni jibu, maana kwanza unatazama mwendo, ndipo unatazama kidole. Alikuwa kindi. Ukikuta mpangilio kama huo lakini mkubwa, na miguu ya nyuma mipana kama makasia, huyo ni sungura wa theluji, ambaye Mungu amempa viatu vyake vya kuzaliwa navyo, haazimi.

Nikaanza kupata shule. Jamii ya mbwa wanaacha vidole vinne na ncha za kucha mbele. Jamii ya paka nao vidole vinne, lakini kucha wamezificha ndani, na kidole kimoja kimetangulia kidogo kuliko wenzake, kama mkono wako wewe. Jamii ya vicheche na nyegere wana vidole vitano, na wengi wao hurukaruka wakiacha alama mbilimbili, kama nukta za mkato. Dubu msimu huo humwandiki, yuko shimoni amelala. Kulungu na elki, yule swala mkubwa wa huko ambaye dume lake linazidi uzito wa ng'ombe wetu wa kienyeji, wengi wanakuwa wameteremka mabondeni kwenye theluji chache. Kwa hiyo karani huyu naye ana mapungufu yake: anaandika wa kipupwe tu, wa kiangazi hawajui. Ndiyo maana wanafunga na kamera.

Lakini kamera nayo, mwalimu akaniambia, inamwona aliyepita mbele yake tu. Mnyama akipita mgongoni mwa mti iliofungwa, hakupita. Theluji inaandika kote, kushoto na kulia, na inaandika hadithi nzima: alitokea wapi, alisimama wapi, alikimbia wapi, aliamua nini.

Na wadanganyifu nao wapo. Jua likipiga, unyayo unayeyuka kingo na kupanuka. Alama ya koyote, yule mbweha mkubwa wa Marekani, ikipigwa na jua siku mbili inakuwa kubwa kama ya mbwa mwitu, na watu wanaanza kupigiana simu. Kwa hiyo hapimwi mtu kwa unyayo mmoja. Inawekwa rula kando, inapigwa picha, unapimwa upana, urefu, umbali wa hatua kwa hatua, na upana wa njia nzima kutoka mguu wa kushoto mpaka wa kulia. Tena unatafuta nyayo zilizokuwa kivulini chini ya msonobari, ambako jua halikufika kupika uongo.

Saa tano hivi, yule kijana wa kompyuta akainua mkono. Tukasogea taratibu, kila mmoja akikanyaga alipokanyaga mwenzake.

Ilikuwa koyote. Mmoja, peke yake, mwendo wa kukokota usio na haraka. Nyayo zimenyooka kama uzi, mguu wa nyuma ukiingia mulemule ulimotoka wa mbele, ubahili wa nguvu kwenye theluji ndefu. Alikuwa ametoka mlimani, anateremka moja kwa moja kuelekea barabarani. Tukamfuata. Kadiri tulivyosogea, muungurumo wa malori ukawa mkubwa, mpaka ikawa tunasemeshana kwa ishara. Kwenye kipande kile uzio haukuwapo, kulikuwa na ukuta wa theluji ya magreda tu.

Zilipobaki kama hatua thelathini kufikia barabara, nyayo zikasimama. Hapo palikuwa na kibonde cha mviringo, ukubwa wa sinia la pilau, theluji yake imeyeyuka kisha ikaganda kuwa barafu laini. Kiongozi akapiga magoti, akakitazama, akatuonyesha unywele mmoja wa kijivu umegandia.

Alikuwa amekaa hapo. Si dakika moja, maana joto la mwili halitengenezi barafu kwa dakika moja. Alikaa akitazama magari. Mbele ya kibonde kulikuwa na nyayo tatu nne kuelekea barabarani, halafu zimerudi. Nyingine kushoto, zimerudi. Baadaye njia moja ndefu, ile ile aliyojia, ikipanda mlimani.

Sote tulinyamaza. Nilikumbuka watoto wa shule wanaosimama kando ya barabara zetu kubwa asubuhi, mguu mmoja mbele, mguu mmoja nyuma, wakisubiri pengo lisilokuja. Yule koyote hakuwa na hata wa kumshika mkono.

Mwenzake binamu akaanza kuandika kwenye fomu: "Aliogopa kuvuka..." Mwalimu akamgusa bega. "Futa neno aliogopa. Hukumwuliza. Andika: alikaribia, alilala hatua thelathini, hakuvuka." Nikaipenda ile. Kuna magazeti yetu, na sitaji mtu, yangefaidika na mama huyu kama mhariri.

Sasa utauliza, haya, ameandika hakuvuka, ndiyo iwe nini? Hapo ndipo ninapowavulia kofia wenzetu.

Serikali ya jimbo ilipotaka kupanua kipande cha I-90 kati ya Hyak na Easton, kilometa kama 24, kutoka njia nne kuwa sita, hawakusema tunapanua lami tu, wanyama watajijua. Ujenzi ulianza mwaka 2009, na ndani ya mradi ule ule wakapanga njia za wanyama: madaraja marefu yaliyoinuliwa ili chini yake papite mto na kingo zake kavu, makalavati mapana kwa viumbe wadogo, na uzio mrefu pembeni wa kuwaongoza waende pale panapovukika. Hata kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wananchi walikuwa wamechangishana na kuishawishi serikali kuu kununua makumi ya maelfu ya ekari za msitu pande zote mbili, maana daraja la kuelekea kwenye kisiki halina faida. Na kujua wanyama wanakaribia wapi hasa, mojawapo ya ushahidi ni hawa watu wenye rula na nyungo miguuni.

Mchana tulikwenda kuliona lile lenyewe, karibu na ziwa Keechelus. Msomaji, ni daraja juu ya barabara, lakini juu yake hakuna lami. Kuna udongo, kuna mawe na magogo, kuna vichaka na miti iliyopandwa, na siku ile kulikuwa na theluji safi kama shuka la hoteli. Magari yanapita chini kwenye matao mawili, mlima unapita juu. Lilikuwa tayari mwaka 2019 na liligharimu kama dola milioni sita. Hata kabla mafundi hawajaondoka, mwaka 2018, kamera ilimnasa koyote akilivuka. Hakungoja waziri aje kukata utepe.

Haturuhusiwi kulipanda, na ni haki, kwani harufu ya binadamu inaweza kuwafukuza wenye daraja lao. Tulitazama kwa mbali kwa darubini. Kuna mistari ya nyayo ilikatiza kutoka kaskazini kwenda kusini bila kusimama. Hakuna kibonde cha barafu. Hakuna kwenda na kurudi.

Tulipopita Gold Creek, kwenye madaraja yaliyoinuliwa, tukakuta kingine. Paka-mwitu wa huko, yule mwenye mkia mfupi kama umekatwa, alikuwa ameteremka mpaka kwenye uzio, akaufuata uzio kama mtu anayepapasa ukuta gizani, kisha akaingia chini ya daraja, kavukavu, na upande wa pili nyayo zake zikatokea zikiendelea na safari. Juu ya kichwa chake magari yalikuwa yanakimbia kwenda kuteleza. Fomu ikaandikwa: "Alikaribia, alifuata uzio, alivuka chini." Mwalimu akaisoma mara mbili, akaifunga kwenye mfuko wake wa nailoni kama cheti cha ndoa.

Lakini yule wanayemtamani kuliko wote hatukumwona, na nimwelezee kidogo. Anaitwa wolverini. Ni ndugu wa damu wa nyegere wetu, ukoo mmoja kabisa, na tabia hazijapotea: mwili mdogo, jume kubwa ni kilo 18 hivi, lakini roho ya simba. Anaishi kwenye theluji ndefu, jike linachimba humo humo shimo la kuzalia. Mmoja anahitaji eneo la mamia ya kilometa za mraba, kwa hiyo hawezi kuishi upande mmoja wa barabara akatosheka. Katika majimbo yale arobaini na nane yaliyoshikana ya Marekani wanakadiriwa mia tatu tu hivi, na Novemba 2023 serikali kuu iliwaweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini.

Wawindaji na sumu vilikuwa vimewafuta Washington katika karne iliyopita. Taratibu wakaanza kurudi, wakitokea Kanada, wakishuka na mgongo wa milima. Kisha wakakutana na I-90. Mwaka 2018 mmoja aligongwa akafa kwenye barabara hiyo, upande wa magharibi wa kilele. Hasara ya mnyama mmoja pale si kama hasara ya swala mmoja Serengeti. Ni kama kijiji kupoteza mkunga wake pekee. Lakini wapo waliopenya. Mwezi Agosti 2020 ilitangazwa kwamba katika hifadhi ya mlima Rainier, kusini ya barabara, ameonekana wolverini jike na watoto wawili, wa kwanza kujulikana hapo kwa zaidi ya miaka mia moja. Unaweza kufikiria furaha ya watu wenye rula siku ile.

Jioni nilirudi Kent miguu imekufa ganzi. Binamu akanikuta nimekumbatia hita, nikamsimulia yote, mpaka kibonde cha barafu. Akasikiliza, kisha akatoa swali lake, na najua wewe pia unalo.

"Dola milioni sita, mdogo wangu? Kwa ajili ya mbweha? Na sisi huku kodi ya nyumba inatutoa roho?"

Swali halali. Na nisikudanganye, pale Seattle watu wanalala kwenye mahema chini ya madaraja ya binadamu. Lakini hesabu nyingine ni hii. Katika Marekani nzima, magari hugongana na wanyama wakubwa zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka, na watu kama mia mbili hufa. Elki mmoja akiingia kioo cha mbele, si yeye tu anayekufa. Gari, hospitali, mazishi, barabara kufungwa, vyote vina bei. Daraja linajengwa mara moja, ajali ni kila mwaka. Nilipomwambia hivyo, binamu, ambaye huendesha usiku kwenda zamu, akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, hapo umenena."

Sasa turudi nyumbani, maana safari isiyo na la kuleta ni picha tu.

Sisi hatuna theluji kwenye barabara zetu, lakini tuna Mikumi. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita ndani ya hifadhi kwa kilometa kama 50, na hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1964. Sote tumepita. Mnatokea upande wa basi kutazama twiga, mtoto anapiga kelele, konda anasema usitupe chupa. Kuna matuta, kuna mwendo wa kilometa 50 kwa saa, kuna mabango yenye faini za kila mnyama, kila mmoja na bei yake. Na bado asubuhi hukosi nyani au swala amelala kando ya lami. Wala si kwamba hakuna aliyehesabu: watafiti walichapisha habari za wanyama wanaogongwa Mikumi na athari za barabara ile mwaka 1995 na 1996.

Jirani zetu Kenya nao wana la kuonyesha. Mwaka 2011 walifungua njia ya tembo chini ya barabara karibu na Mlima Kenya, kuunganisha msitu wa mlima na upande wa Ngare Ndare na Lewa, na tembo wakaanza kuitumia mara moja. Kwa hiyo asije mtu akaniambia haya ni mambo ya Wazungu na hela zao.

Sisemi kesho tujenge daraja la dola milioni sita. Nasema hili la pili, la rula. Kuhesabu waliogongwa ni rahisi, wanaonekana. Nani anahesabu waliogeuka? Kwetu karani si theluji, ni vumbi la kiangazi na tope la masika, na wasomaji wake tunao tangu zamani. Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanausoma mchanga kuliko mimi ninavyosoma gazeti hili, na askari wengi wa wanyamapori wanaijua kazi hiyo toka utotoni. Wachukue vijana wa sekondari wa pale Mikumi na Doma, wafundishwe, wapite na askari mistari ile ile kila mwezi kando ya lami, waandike alikaribia, alivuka, hakuvuka. Baada ya miaka mitano utajua matuta yawekwe wapi, na kama kuna mahali panastahili njia ya chini, utapajua kwa ushahidi.

Daftari, rula na mguu mzima. Hivyo hata sisi hatukosi.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitakusimulia soko la samaki la Seattle, ambako wauzaji wanarushiana samaki hewani kama mpira, na mnunuzi analipa ili atazame. Mpaka hapo, ukipita Mikumi, mwambie dereva apunguze mwendo.